Kupima nguvu kwa lodi seli: mwongozo kamili, tukianza na kamba ya katani hapahapa Tanga

Kabla hujauliza bei ya kifaa chochote cha kupima nguvu, jiulize kwanza hiyo nguvu inapita wapi. Inaanzia wapi, inaishia wapi, na njiani kuna nini kinachoimega. Ukishalijua hilo, hata lodi seli (kipande cha chuma kinachogeuza nguvu kuwa ishara ya umeme) ya bei chee inakupa namba ya kuaminika, na usipolijua hata ukikabidhiwa mashine ya maabara utaandika uongo wenye desimali tatu.

Mfano ntakaoutumia ni kamba ya katani ya milimita 6, maana tuko Tanga bwana, katani ndiyo tumekulia nayo. Mkonge wenyewe uliingia 1893, Richard Hindorf aliagiza miche kutoka Florida, ikafika hai 62 tu, ikapandwa Kikogwe kule Pangani, na kuanzia hapo ndo mashamba yakaenea mpaka leo unayaona ukitoka Muheza kuja mjini. Kwahiyo swali la "hii kamba inakatika kwa nguvu ngapi" ni swali la nyumbani kabisa, na linamfaa mwanafunzi wa project ya chuo, mwenye kiwanda kidogo cha kamba, fundi wa kunyanyua mizigo, hata mvuvi. Ukishaweza kuipima kamba utaweza kupima vitu vingi vingine kwa vifaa vilevile.

Nyutoni na kilo, tusichanganye

Kilo ni wingi wa kitu, nyutoni ni nguvu. Mzigo wa kilo 1 ukiuning'iniza hapa Tanga unavuta kwa nyutoni 9.781 hivi. Shuleni tulifundishwa 9.8, wengine 9.81, wengine 10 ili hesabu iwe rahisi, ila dunia haivuti sawa kila mahali, imevimba pale kati kwenye ikweta na inazunguka, na sisi tuko nyuzi 5 tu kusini ya ikweta kwahiyo tunavutwa kidogo kuliko mtu wa Ulaya. Ile 9.80665 unayoiona vitabuni ni thamani iliyokubaliwa kimataifa kwa ajili ya mahesabu, haikupimwa Tanga.

Tofauti ni asilimia 0.26, unaweza kuiona ndogo, lakini angalia: lodi seli iliyoandikwa kilo 500 kiwandani wanamaanisha kilo 500 kwa uvutano wa 9.80665, yaani nyutoni 4,903. Ukiitundikia kilo 500 halisi hapa kwetu inapata nyutoni 4,890. Nyutoni 13 zimepotea na hakuna aliyeziiba. Dawa yake rahisi sana, kila wingi uupimao kwa kilo zidisha kwa 9.781 mara moja tu mwanzoni, baada ya hapo daftari lote liwe nyutoni, usirudi tena kwenye kilo katikati ya hesabu.

Hatua ya 1: Kadiria kwanza, nunua baadae

Kamba ya katani ya milimita 6 iliyosokotwa vizuri inakatika kwenye nyutoni 2,000 hadi 3,000 hivi. Chagua seli ambayo hiyo nguvu unayoitarajia itaangukia kati ya asilimia 20 na 80 ya uwezo wake. Chini ya hapo unapima makelele ya umeme, juu ya hapo unakaribia kuipinda. Kwa kamba yetu seli ya kilo 500 inakaa vizuri, tutakuwa tunaitumia nusu ya uwezo.

Umbo nalo linahusu. Kwa kuvuta chukua ile yenye umbo la herufi S, ina tundu la uzi wa bolti juu na chini, nguvu inapita katikati moja kwa moja. Zile bapa za alumini kama kipande cha rula ni za mizani midogo ya dukani, na zile nne za kilo 50 zinazotolewa kwenye mizani ya bafuni ni za kukandamizwa tu, usizivute.

Na kama shida yako ni namba moja ya haraka tu, mfano unataka kujua kamba ya kuanikia inabeba kilo ngapi, nunua mzani wa kidijitali wa kuning'iniza wenye kitufe cha kushika namba ya juu kabisa, uvute, usome, uende zako. Hamna aibu. Mwongozo unaoendelea ni wa yule anayetaka namba atakayoweza kuitetea mbele ya mtu anayejua.

Hatua ya 2: Ujue kilichomo ndani ya hicho chuma

Hapa wengi wanapapita haraka, mi nasema kaa kidogo, kwa sababu matatizo karibu yote utakayoyaona kwenye skrini asili yake ni hapa.

Lodi seli ni kipande cha chuma kilichochongwa ili kinyumbuke kidogo pale panapotakiwa. Pale kwenye mnyumbuko pamegundishwa strein geji nne. Strein geji ni utepe mwembamba sana wa metali uliochorwa zigizaga juu ya kipande cha plastiki, chuma kikirefuka na yenyewe inarefuka na kuwa nyembamba, ukinzani wake wa umeme unapanda, chuma kikibanwa unashuka. Ilibuniwa Marekani na watu wawili mwaka mmoja, 1938, Edward Simmons wa California na Arthur Ruge wa Massachusetts, kila mtu kivyake.

Sasa mabadiliko yenyewe ni madogo kiasi gani? Geji ya kawaida ina ohm 350. Seli ikibeba mzigo wake wote chuma kinarefuka kama sehemu moja kwa elfu, na geji inabadilika mara mbili ya hiyo kwa uwiano, ambayo ni ohm 0.7. Yaani kutoka 350 kwenda 350.7, na hapo seli imejaa pomoni. Ukitaka kuona tofauti ya nusu ya asilimia ya mzigo huo unatafuta ohm 0.0035, mita yako ya mkononi haitakuonyesha hata kidogo.

Halafu kuna joto. Chuma kikipata joto kinatanuka sehemu 12 kwa milioni kwa kila nyuzi 1, kikitoka kivulini nyuzi 28 kikakaa kwenye jua la saa saba mchana mpaka nyuzi 58, kimetanuka sehemu 360 kwa milioni, theluthi ya mzigo mzima, na hakuna mtu aliyevuta chochote! Ndo maana geji zikawekwa nne zikaunganishwa kwenye saketi inayoitwa daraja la Wheatstone. Mbili zinavutwa na mbili zinabanwa, tofauti zao zinajumlika, ila joto linazipata zote nne sawasawa kwahiyo linajifuta lenyewe. Hiyo saketi ilitolewa na Samuel Hunter Christie 1833, Charles Wheatstone akaitangaza miaka kumi baadae na jina likabaki kwake, mambo ya dunia hayo.

Sasa shika hili, joto linajifuta pale tu geji zote nne zina joto moja. Jua likipiga seli upande mmoja tu sufuri, yaani kile kisomo cha seli isiyo na mzigo, inaanza kutembea. Kwahiyo kazi ifanyike kivulini, na seli uiache na umeme wake nusu saa kabla ya kuanza ili itulie.

Hatua ya 3: Waya na umeme

Seli ina waya nne. Kwenye hizi za kawaida nyekundu na nyeusi ni za kuingiza umeme, kijani na nyeupe ndo za kusomea. Ila rangi zisikutie imani, pima kwa multimita: jozi mbili zitakupa ohm karibu na 350 hadi 400, hizo ndo jozi zako halisi, na ukichanganya jozi utapata chini ya hapo, 260 hadi 300 hivi. Jozi yenye ohm kubwa zaidi kidogo kwa kawaida ndo ya kuingiza umeme.

Ishara inayotoka ni milivolti 2 kwa kila volti 1 unayoingiza, seli ikiwa imejaa. Kwa volti 5 unapata milivolti 10 tu mwisho wa safari. Kwahiyo unahitaji amplifaya, na ya bei ndogo inayofanya kazi vizuri ni kijibodi cha HX711. Kinakuza mara 128, kinageuza kuwa namba ya biti 24, unakiunganisha na Arduino, kile kikompyuta kidogo cha kuprogramu, kwa waya nne, VCC (umeme chanya) kwenye 5V, GND (hasi) kwenye GND, DT na SCK kwenye pini zozote mbili za kidijitali, laibrari yake unaipakua bure.

Hiki kijibodi kina jambo moja ambalo halisemwi dukani. Kikija kimewekwa kusoma mara 10 kwa sekunde, na kwa mpangilio huo kinahitaji milisekunde 400 mpaka namba itulie baada ya nguvu kubadilika. Kamba ikikatika haikusubiri milisekunde 400. Unapovuta nguvu inapanda, halafu pwaa, imekwisha, na kilele chako halisi hukukiona, umesoma kitu cha chini yake. Kuna mguu wa chipu umeandikwa RATE, mara nyingi umefungwa kwenye GND, unyanyue kwa uangalifu na ncha ya pasi ya risasi uupeleke VCC, utapata visomo 80 kwa sekunde na utulivu wa milisekunde 50. Makelele yanaongezeka kidogo ila kwa seli ya kilo 500 ni sehemu ndogo ya nyutoni, hayakuhusu.

Viungo vya risasi vipake vanishi ukishamaliza. Hewa yetu ya bahari ina chumvi, inakaa kwenye bodi ikichanganyika na unyevu inapitisha umeme kidogokidogo kati ya pini na pini, ishara yenyewe ni milivolti, basi namba zinaanza kuelea bila sababu na we unalaumu seli. Waya wa seli usiukate wala kuuongeza kama huna ulazima, na usiupitishe sambamba na waya wa welding au mota.

Hatua ya 4: Fremu na namna ya kushika kamba

Sasa turudi kwenye lile swali la mwanzo, nguvu inapita wapi. Chora kwenye karatasi: winchi inavuta, kamba, seli, kiungo, fremu, na fremu inarudi kwenye winchi. Ni duara. Seli iwe kwenye huo mstari, isiwe na njia nyingine ya pembeni ambayo nguvu inaweza kuipitia. Kama seli imegusa ubavu wa fremu, sehemu ya nguvu inapita kwenye fremu na haipimwi. Kama kati ya seli na kamba umeweka kapi, msuguano wa kapi unakula nguvu, unapima upande wa winchi wakati kamba iko upande wa pili. Seli ikae upande wa kamba, moja kwa moja, bila kapi katikati, na ule upande wa seli unaotoka waya ndo uwe upande uliofungwa kwenye fremu ili waya usivute.

Fremu mpe fundi wa kuchomelea wa mtaani kwako, chaneli mbili za mita 2 hivi na vipande vya kuziunganisha vinatosha, mwambie mzigo ni nusu tani na akuachie nafasi ya kuingiza mkono. Seli uifunge kwa viungo vinavyocheza pande zote, pete mbili zilizopishana au bolti zenye pete, usiikaze moja kwa moja kwenye fremu kwa sababu ikipindishwa kidogo inasoma na mpindo wenyewe. Mstari uwe umenyooka. Kamba ikipinda nyuzi 5 kutoka kwenye mhimili wa seli unapoteza asilimia 0.4, ikipinda nyuzi 10 unapoteza 1.5, macho ya kawaida nyuzi 5 yanaiona vizuri tu ukisimama mbali kidogo.

Kushika kamba ndo kazi yenyewe. Ukifunga fundo kwenye pete, kamba itakatika kwenye fundo, kila mara, na utakuwa umepima fundo. Fundo linaweza kuipunguzia kamba mpaka nusu ya nguvu yake. Ukiibana kamba ya katani kwenye jiliwa inakatwa na meno. Njia nzuri ni ile ya baharia pale bandarini anayeshika meli kwa kuzungusha kamba kwenye nguzo ya gati. Chukua vipande viwili vya bomba la chuma la inchi 2, kwa nje lina milimita 60, mara kumi ya kamba yetu, lisafishe kutu na makali yote, chomelea kimoja kila upande. Zungusha kamba mara 3, mkia wake ndo uufunge fundo pembeni.

Kwa nini hii inafanya kazi? Kila kamba inapolizunguka bomba msuguano unapunguza nguvu kwa uwiano, siyo kwa kutoa, ni mlinganyo wa Euler na Eytelwein. Ukichukua msuguano wa 0.3 na mizunguko 3 nguvu inagawanywa kwa 285 hivi. Kamba ikivutwa nyutoni 2,600 mkiani zinafika nyutoni 9, hata mtoto anazishika kwa vidole viwili. Kwahiyo fundo la mkiani halibebi kitu na kamba inakatika katikati, pale tunapopataka. Acha urefu huru wa mita 1 kati ya bomba na bomba.

Hatua ya 5: Kalibresheni

Namba inayotoka kwenye HX711 haina maana yoyote mpaka uifundishe. Unaweza kuamini karatasi iliyokuja na seli, ila mi siiamini bila kuihakiki, na kuihakiki kwenyewe ni kazi ya mchana mmoja.

Unahitaji mizigo unayoijua. Saruji mifuko mitano inakupa karibu kilo 250, na hapa mjini saruji haina shida, kiwanda kipo Pongwe. Ila usiandike 50 kwa kila mfuko. Beba mifuko mpaka kwenye mzani wa jukwaa wenye stika ya mwaka huu ya Wakala wa Vipimo, pima kila mmoja, andika kwa maka juu ya mfuko: 50.2, 49.9, na kadhalika. Mzani unaosoma gramu 50 kwa 50 unakupa uhakika wa asilimia 0.1 kwa mfuko, inatosha kabisa. Madumu ya maji ni mazuri pia kwa mizigo midogo, lita 20 kwa joto letu la nyuzi 30 ni kilo 19.9, ila dumu nalo lina uzito wake na hakuna dumu la lita 20 kamili, kwahiyo bado utarudi kwenye mzani.

Tundika seli wima kwenye boriti imara, chini yake jukwaa dogo la mbao la kupangia mifuko, jukwaa nalo limepimwa. Halafu fanya hivi. Kwanza pakia mzigo wote, shusha, pakia, shusha, pakia, shusha, mara tatu bila kuandika chochote. Huko kunaitwa kuizoesha seli na hata kiwango cha kimataifa cha ISO 376 kinadai hivyo. Baada ya hapo soma sufuri, ongeza mfuko, subiri sekunde 30, chukua wastani wa visomo vya sekunde 5, andika, ongeza mwingine, mpaka juu, kisha shuka mfuko mmoja mmoja ukiandika vilevile. Rudia mzunguko mzima mara tatu, na kila mara izungushe seli theluthi ya duara kwenye ndoano yake, ili kama mzigo haukai katikati ujue.

Tuseme sufuri imesoma 41,300 na kilo 250.6 imesoma 2,183,600. Kilo 250.6 mara 9.781 ni nyutoni 2,451.1. Tofauti ya visomo ni 2,142,300, gawa, unapata 874 kwa nyutoni. Hiyo ndo namba yako. Na sasa kuna hila nzuri ya kujua kama hukukosea: seli ya milivolti 2 kwa volti ikijaa kwenye HX711 ya kukuza mara 128 inatakiwa ipande kwa 4,295,000 hivi, bila kujali volti unazotumia maana amplifaya na seli vinatumia chanzo kimoja. Gawa kwa 4,903, unapata 876. Yetu 874, tofauti ndogo, safi. Ungepata 438 au 1,750 ungejua kuna kitu kimeungwa vibaya au seli siyo ile uliyouziwa. Ikija hasi geuza kijani na nyeupe, basi.

Chora nukta zote kwenye Excel. Angalia vitu vitatu. Nukta zikikunja badala ya kunyooka, seli inapinda au jukwaa linagusa kitu. Kisomo cha kilo 150 wakati wa kupanda kikitofautiana na cha kushuka, hiyo ni histeresisi, visomo mia nane tisa kwa seli yetu ni nyutoni 1, vumilia, vikifika elfu tano tafuta kiungo kinachosuguana. Na sufuri ya mwisho isiporudi karibu na ya mwanzo, ama joto limebadilika ama seli ilishawahi kuzidiwa huko ilikotoka, ya pili ikiwa kweli hiyo seli itupe.

Kwa mwenye kuhitaji cheti rasmi, mfano data inaenda kwenye mkataba, Shirika la Viwango TBS wana maabara ya ugezi, yaani ya sayansi ya vipimo, huko ndo pa kupeleka. Hii ya mifuko ni ya utafiti na kazi zako.

Hatua ya 6: Kuvuta

Usalama kwanza na siyo kwa maneno. Kamba ya mita 1 ikirefuka sentimita 10 kabla ya kukatika kwa nyutoni 2,600 imehifadhi jouli 130, sawa na kilo 10 kuanguka kutoka mita 1.3, na zote zinatoka kwa mpigo. Usisimame kwenye mstari wa kamba mbele wala nyuma. Tandika gunia lililoloweshwa juu ya kamba na seli, vaa miwani ya fundi, watoto wawe mbali. Nailoni ni mbaya zaidi maana inarefuka sana, ukibadilisha kamba ongeza tahadhari.

Kamba zenyewe ziwekwe chumba kimoja siku nzima kabla ya kuvutwa, kwa sababu katani inanyonya unyevu wa hewa na tabia yake inabadilika. Maabara za nguo na nyuzi zinatumia nyuzi joto 20 na unyevu asilimia 65, sisi bila kiyoyozi hatufiki huko na sio lazima, andika tu joto na unyevu wa siku hiyo, kipimo cha unyevu ni bei ndogo. Andika pia kamba imetoka rola gani, maana singa za majani ya chini na za majani ya juu hazilingani, na kamba ya rola moja na ya rola nyingine zinaweza kutofautiana kuliko unavyodhani.

Vuta taratibu kwa mwendo ule ule, iweze kukatika ndani ya nusu dakika mpaka dakika moja. Winchi ya mkono ya gia ni nzuri, cheni bloku inavuta kwa kudunda, kila kiungo cha cheni kinaleta mshtuko na utauona kwenye grafu kama ngazi. Utasikia singa zinaanza kulia, tik tik, kabla ya kamba haijaachia, na kwenye grafu nguvu inashuka kidogo inapanda tena, ni uzi mmoja umeachia na wenzake wamepokea. Rekodi visomo vyote usirekodi kilele tu, huo mchoro ndo unakuambia kamba ilikufaje.

Kila kamba angalia imekatikia wapi. Ikikatika kwenye bomba au ndani ya kipenyo kimoja cha bomba kutoka hapo, iandike ila usiihesabu, weka alama pembeni. Usifute. Kufuta ndo mwanzo wa kuchagua namba unazozipenda.

Hatua ya 7: Hesabu

Tuseme kamba nane zilizokatika vizuri zimetoa nyutoni 2,410, 2,580, 2,290, 2,650, 2,505, 2,370, 2,720 na 2,475. Wastani 2,500. Mtawanyiko wake sanifu (standard deviation) ni 145. Gawa kwa kipeuo cha pili cha 8, unapata 51, na kwa kamba nane ukitaka uhakika wa asilimia 95 zidisha kwa 2.37. Unaandika: nyutoni 2,500, ongeza au punguza 120. Usiandike 2,500.00, hizo sufuri za mwisho hujazifanyia kazi.

Sasa linganisha. Mzani wa mifuko ulileta shaka ya asilimia 0.1, uvutano 0.02 au chini, mpindo wa kamba labda 0.4, histeresisi haifiki 0.1. Kamba yenyewe kwa yenyewe inatofautiana karibu asilimia 6! Kwahiyo mtu anayetaka kununua seli ya bei mbaya ili apate jibu bora la kamba anapoteza hela, hizo hela anunue kamba zaidi avute nyingi. Kwa chuma ingekuwa kinyume, chuma cha rola moja kinafanana sana na hapo seli nzuri ingeonekana thamani yake.

Na tafadhali, 2,500 siyo mzigo wa kubeba. Kamba za nyuzi za asili watu wa kunyanyua mizigo wanagawa kwa 10 au zaidi, kwahiyo kamba hii ni ya mzigo wa kilo 25 hivi, na ikishakaa kwenye jua na maji ya chumvi ni chini ya hapo.

Ukitoka kwenye kamba

Seli hiyohiyo unaweza kwenda nayo Sahare au Deep Sea ukapima mashine ya boti inasukuma kwa nguvu gani. Funga kamba ndefu, mita 30 na zaidi, kati ya boti na nguzo imara, seli iwe upande wa nchi kavu ndani ya mfuko wa nailoni, kamba iwe karibu sambamba na maji. Kamba fupi inafanya maji yanayosukumwa na panga boi yagonge gati na kurudi, yanakupunguzia namba. Mawimbi yatarusha visomo juu na chini, usichukue kilele, chukua wastani wa dakika nzima huku mashine ikiwa kwenye mzunguko mmoja, na fanya maji yakiwa yamesimama, pale yanapomaliza kujaa au kupwa, ili mkondo usikusaidie wala kukupinga.

Kwa nguvu za kugonga, nyundo, kitu kilichoanguka, mtetemo wa injini, seli hii haifai kabisa hata kwa visomo 80. Huko wanatumia fuwele za kwatzi zinazotoa chaji zikibanwa, tabia waliyoigundua ndugu wawili Pierre na Jacques Curie 1880. Zinasoma maelfu ya mara kwa sekunde ila chaji inavuja taratibu, kwahiyo mzigo uliotulia haziwezi kuushikilia, ukiweka gunia juu yake baada ya muda inakwambia hakuna kitu. Kwa nguvu ndogo mno, zile za molekuli na molekuli, kuna hadubini ya nguvu za atomi iliyobuniwa 1986, kijimkono kinapinda na miale ya leza inasoma mpindo wake. Na upande wa pili kabisa taasisi ya vipimo ya Marekani NIST ina mashine ya kutundika vyuma vyenye jumla ya nyutoni milioni 4.45 ili kukalibreti seli za wengine, ni mifuko yetu ya saruji ileile, imekuwa tu.

Ukimaliza kazi toa seli kwenye fremu, usiiache imevutwa usiku kucha, ifute chumvi kwa kitambaa kikavu, iweke kwenye kopo lenye kifuniko na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Kabla ya kila siku ya kazi tundika mfuko mmoja uliopimwa usome, ikitofautiana na jana zaidi ya asilimia nusu usivute kamba hata moja mpaka ujue kwa nini. Na mfuko huo wa kuhakikia ujaze mchanga mkavu uufunge kwenye nailoni mbili, maana saruji kwa unyevu wa huku ndani ya miezi michache itakuwa imeganda na imeongezeka uzito.